Nikizima swichi, boti inajaa maji

SWALI: Fundi shikamoo. Nina kiboti cha futi 24 hapa Raskazone, Tanga, nimefunga mwenyewe sola ya wati 100, betri ya volti 12 na pampu ya otomatiki ya kutoa maji ya ngama (yale yanayojikusanya chini ndani ya boti), sasa kila nikizima swichi kubwa nikaenda kulala, asubuhi nakuta maji kibao na pampu kimya. Ninunue betri nyingine?

JIBU: Marahaba. Hela yako weka mfukoni, betri haina kosa. Pampu umeiunga baada ya swichi kubwa, ukizima unaizima nayo! Waya wake utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, saizi ile ile iliyoandikwa kwenye pampu, sio unaweka kubwa eti isiungue ungue, hapo ndo moto unapoanzia. Na waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, huu wa nyumbani (najua ndo ulioweka) chumvi inaupanda ndani kwa ndani mpaka unakuwa mweusi kama mkaa. Mpira wa kutolea maji upandishe juu ya usawa wa bahari kabla haujashuka kwenye tundu la kutokea, la sivyo maji yanarudi yenyewe. Ila hayo maji yanaingilia wapi kila usiku? Anza na shafti ya propela, kama boti ni ya mbao kagua kalafati pia (ile pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao).