Uliza Fundi wa Meli: Ile nusu jua ubavuni mwa meli

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Kijana wangu anasoma Uingereza. Majuzi alitembelea Ilfracombe, bandari ndogo kaskazini mwa Devon, akanitumia picha ya zamani aliyoikuta huko. Meli imefunga gati, dohani yake nyeupe, abiria wamejaa hata pa kutia mguu hakuna. Ubavuni, katikati kabisa, pana pambo kubwa kama nusu ya jua linalochomoza. Pambo hilo ni la nini? Bandari ndogo vile ilipataje meli ya abiria wengi hivyo? Na meli hizo zimekwenda wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo si pambo, ni kasha la gurudumu. Ndani yake mna gurudumu la chuma lenye vibao vinavyopiga maji kama makasia, na ubavu wa pili lipo jingine kama hilo. Hiyo miale unayoiona ni matundu ya kupitishia hewa na maji yanayorushwa juu.

Dohani nyeupe inanitajia mwenye meli: kampuni ya P. & A. Campbell, ya ndugu wawili wa Kiskoti, Peter na Alexander. Walihamisha biashara yao kutoka mto Clyde wakaja Bristol, na kampuni ikaandikishwa mwaka 1893. Miaka michache tu baadaye walikuwa na meli kama Cambria na Britannia, zikishindania abiria wa Bristol, na wa Cardiff kule Wales ng'ambo ya maji, waliotaka kwenda Ilfracombe asubuhi na kurudi jioni.

Bandari yenyewe ina shida moja kubwa, nayo ni maji. Siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, bahari pale hupanda na kushuka zaidi ya mita 8. Maji yakipwa, bandari ya ndani hubaki tope na mashua zimelala ubavu. Ndiyo maana mwaka 1873 lilijengwa gati la nje lenye ngazi na vituo vya kushukia kwa kimo tofauti, ili abiria washuke maji yawe juu au chini. Jirani yake, Lynmouth, hakukuwa na gati la namna hiyo. Huko meli ilisimama nje, abiria wakashushwa kwenye mashua ndogo, kina mama na magauni yao marefu.

Kwa bandari za namna hiyo, meli ya magurudumu ilikuwa chombo hasa. Haizami sana majini, na husimama upesi. Hili la kusimama nimeliona kwa macho yangu. Nimefanya kazi maisha yangu yote katika vyumba vya injini vya meli za mizigo, zote za rafadha, yaani zinazosukumwa na panga lililo nyuma chini ya maji. Miaka ya 1980 meli yetu ilikuwa Cardiff ikishusha shehena. Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapanda Waverley, meli ya magurudumu, pale Penarth jirani na Cardiff, kwenda Ilfracombe. Wenzangu walikaa sitahani kutazama pwani. Mimi nilishuka penye injini, sikupanda tena mpaka tulipokaribia gati.

Injini ile haifichwi. Abiria husimama ujiani, na mbele yao silinda tatu zimelala mshazari, mikono minene ya chuma inazungusha mtaimbo unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye magurudumu. Chuma kinang'aa, mafuta yanametameta, joto linakupiga usoni. Tulipofika, kengele ya amri ya nahodha ikalia. Fundi akavuta wenzo, mikono ile ikasita, halafu ikaanza kuzunguka kinyume. Nikasikia vibao vikiyakamata maji na meli ikatulia. Meli niliyoizoea mimi ingekuwa bado inateleza.

Lakini nisikufiche aibu yake. Abiria walipokimbilia upande wa gati wapate kushuka mwanzo, meli ililala. Gurudumu la upande huo likazama mno, la pili likapiga hewa, na baharia akawa anawasihi watu warudi katikati. Tena magurudumu yote mawili yako kwenye mtaimbo mmoja, kwa hiyo huwezi kulipeleka moja mbele na jingine nyuma ili meli igeuke. Kugeuka ni kazi ya usukani peke yake. Kuifunga gati penye mkondo mkali kunataka nahodha aliyekomaa.

Na ule umati kwenye picha? Wengi walitoka Wales kusini. Tangu sheria ya 1881 baa za Wales zilifungwa Jumapili, ila melini kinywaji kiliuzwa. Lakini mimi naamini wengi walifuata upepo tu. Mtu aliyeshinda wiki nzima chini ya mgodi wa makaa, mpe siku moja ya bahari.

Vita vya Pili vya Dunia viliziumiza sana meli hizo. Serikali ilizichukua kufagia mabomu ya baharini, na mwaka 1940 kampuni ilipoteza tatu huko Dunkirk, pwani ya Ufaransa: Brighton Belle, Brighton Queen na Devonia. Zilipelekwa kuokoa askari. Hizo ni meli za matembezi, mwanangu! Kila nikilifikiria hilo huwa nanyamaza kidogo.

Baada ya vita wakaunda mpya, Bristol Queen na Cardiff Queen. Hazikudumu. Watu walinunua magari, na daraja la Severn, linalovuka mlango wa mto kati ya Wales na Uingereza, lilipofunguliwa mwaka 1966 safari ya kuzunguka kwa barabara ikafupika. Cardiff Queen iliondolewa mwaka huohuo, Bristol Queen mwaka uliofuata, nayo ikaenda kukatwa vyuma. Reli ya Ilfracombe nayo ilifungwa mwaka 1970. Kwa hiyo usidhani meli zilishindwa kazi. Abiria ndio waliopata njia nyingine.

Waverley iliponea chupuchupu. Mwaka 1974 iliuzwa kwa pauni moja tu kwa chama cha wapenzi wa meli hizi, na mwaka 1979 ikaja kwa mara ya kwanza kufanya msimu katika maji yale ya Bristol. Dohani zake ni mbili, nyekundu, nyeupe na nyeusi, kwa hiyo kijana wako hataichanganya na ile ya pichani. Akipata nafasi ya kuipanda, mwambie ashuke kwanza penye injini, asimame karibu na fundi, asikilize kengele.