Maswali ya Wasomaji: Katalogi ya Maktaba Ijaribiwe Vipi, na Nani?

SWALI: Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Moshi. Katalogi yetu iko mtandaoni kwa programu ya Koha, lakini wanafunzi wengi bado huja kaunta kuulizia vitabu ambavyo katalogi inavyo. Wakuu wangu wanataka tusambaze dodoso chuo kizima. Watumiaji wetu ni wanafunzi, wahadhiri, na wanafunzi wachache wasioona. Je, dodoso linatosha? Kama halitoshi, tuwajaribu watu wangapi? – Mkutubi, Moshi

JIBU: Ndugu Mkutubi, dodoso peke yake halitoshi, na mimi nisingeanza nalo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11, kinachohusu urahisi wa kutumia mifumo na kilichotolewa upya mwaka 2018, hutazama mambo matatu: kama mtumiaji amefikia lengo lake, kwa jitihada kiasi gani, na kama ameridhika. Dodoso hupima vizuri hilo la tatu, ilhali shida ya kaunta yako iko katika mawili ya kwanza.

Mpe mtu kazi halisi ya kutafuta, kaa kando yake, mwombe aseme kwa sauti kila anachofikiri, nawe unyamaze, jambo ambalo wakutubi huliona gumu kuliko yote. Kazi yenyewe iandikwe kwa lugha ya msomaji: badala ya kumwambia atafute kwa kichwa cha somo (neno rasmi linalotaja mada ya kitabu katika katalogi), mwambie ametakiwa kuandika insha juu ya kilimo cha kahawa Kilimanjaro na anahitaji kitabu. Maktaba nyingi hutumia vichwa vya masomo vya Library of Congress ya Marekani, ambavyo ni vya Kiingereza. Kwa hiyo anayeandika "kahawa" anaweza asiletewe kitu ingawa vitabu vya zao hilo vipo rafuni. Semina za kuwafundisha wanafunzi hazitaondoa kasoro hiyo. Itapungua mkiongeza maneno ya Kiswahili katika rekodi zenu.

Kuhusu idadi, Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo ya kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano huweza kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro, lakini hesabu hiyo ni ya watumiaji wanaofanana. Makundi yakiwa matatu, kama yenu, alishauri watu watatu kutoka kila kundi. Msichanganye matokeo yao kupata wastani, kwa sababu mhadhiri anayejua jina la mwandishi na la kitabu atamaliza upesi, na wepesi wake utaficha alikokwama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi huyo naye ajaribiwe kwa simu yake mwenyewe, si kwa kompyuta ya ofisini kwako, ambayo skrini yake ni pana.

Ningeanza na wasioona. Programu ya NVDA, inayosoma skrini kwa sauti, hupatikana bure, na mshiriki atumie ile aliyoizoea, bila kipanya. Sikiliza kama kisanduku cha kutafutia kinatajwa kwa jina, na kama anaarifiwa kwamba matokeo yameshatokea.

Jaribio lisiishie kwenye skrini. Wapo wanaoipata rekodi wasijue namba ya rafu ni ipi kati ya namba zote zilizoandikwa hapo, kwa hiyo mfuate mshiriki hadi rafuni, na uhesabu kazi kuwa imekamilika pale tu anapokishika kitabu.