Vigaga vya tufaha

Dada, umeuliza kama uyatupe matufaha yenye madoa, na kama maganda yake yatauambukiza mwembe wako, ambao maembe yake yana weusi. Usiyatupe. Madoa meusi yenye kukwaruza uliyoyaona kwenye matufaha ya soko la Kongowea, Mombasa, yaelekea ni vigaga, ugonjwa wa kuvu iitwayo Venturia inaequalis. Hukaa kwenye ganda. Menya, wape watoto bila hofu. Palipopasuka na kulainika, hapo uozo umeshaingia, usile.

Na mwembe wako hautaambukizwa na maganda ukiyatupa shinani. Kuvu hii ni ya mitufaha: hujificha kwenye majani yaliyoanguka msimu wa baridi, kisha mvua zikianza vijimbegu vyake hurukia majani machanga. Ndiyo maana wakulima wa matufaha huyafagia majani yale wakayachoma. Weusi wa maembe yako huenda ukawa chule, ugonjwa wa kuvu nyingine kabisa.