Uliandika saa ngapi, Mama?

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mtoto akilala nawe unalala, mwaka mzima umepita na ile riwaya yako ya vijana haijaongezeka hata sura moja. Umesoma habari za Octavia Butler, mwandishi wa riwaya wa Marekani, kwamba aliamka saa nane za usiku akaandika, kulipokucha akaenda kwenye vibarua vyake, kuosha vyombo na kukagua krispi kiwandani. Ndipo ukaniuliza: "Mama, wewe uliandika saa ngapi? Mbona sikumbuki kukuona?"

Saa nane za usiku nilijaribu. Wiki moja tu, nikawa nasinzia nimeshika chaki mbele ya Kidato cha Pili. Nikaacha. Na Butler hakuwa na mtoto, hilo nalo ulihesabu?

Hukuniona kwa sababu sikuandikia nyumbani. Riwaya zangu zote tatu nimeziandikia zaidi kwenye chumba cha mtihani. Si mitihani ya taifa, huko hata kupiga chafya unaogopa. Ni hii yetu ya mwisho wa muhula. Saa mbili za kimya, wanafunzi arobaini, na msimamizi kazi yake ni kuzunguka. Nilizunguka. Kila nikifika dirishani nilisimama, nikaandika sentensi mbili tatu nyuma ya karatasi ya maswali iliyobaki, nikaendelea na mzunguko. Mwalimu mkuu hakujua, au alijua akanyamaza. Kengele ilinikata katikati ya neno, na siku ya pili nikawa najua pa kuanzia.

Halafu waliokaa mbele yangu ndio niliokuwa nikiwaandikia. Mmoja alitafuna kifuniko cha kalamu mpaka kikaisha. Mwingine alimaliza mapema, akaandika jina la mvulana kwenye kiganja, aliponiona nakuja akalamba kidole akalifuta, ikabaki buluu imetapakaa. Huyo ndiye niliyempeleka sayari ya Mirihi kwenye riwaya, na kiganja chake hivyo hivyo.

Mchapishaji wa kwanza alikaa na mswada miaka miwili, kisha akaniambia mambo mawili: kwamba wazazi hawanunui kitabu kisicho kwenye orodha ya shule, na kwamba roketi ni habari za Wazungu, vijana wetu hawataziamini. La kwanza alisema kweli. Mrabaha wangu wa kwanza, asilimia 10 ya nakala mia mbili na kitu, ulitosha viatu vyako vya shule na gunia la unga. La pili lilinichoma. Babu yako alikuwa mvuvi wa Ngomeni, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 alisimama ufuoni akaiona roketi ikiondoka kwenye jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano pale baharini, imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa sababu siku hiyo ndiyo sikukuu ya uhuru wa Kenya yetu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani. Walikuja kwetu kwa sababu huku karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo: inazunguka kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Babu hakuambiwa hayo. Alichoambiwa ni asitoe mashua siku hiyo. Na Katama Mkangi, mtu wa pwani hii hii, mwaka 1995 katika riwaya yake "Walenisi" alishamrusha mhusika wake mpaka sayari nyingine, kwa Kiswahili. Sasa Wazungu gani?

Lakini kuna saa nyingine za kuandika ambazo ulikuwepo, umesahau tu. Ulikuwa na miaka 13. Jumamosi, kwa msusi, umekaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na mimi pembeni nakusomea nilichoandika wiki ile. Yule msichana yuko Mirihi, anampigia simu nyanya yake Malindi, wanaongea, wanacheka, wanakatizana. Ukaniuliza bila kugeuka, maana kichwa alikuwa nacho msusi: "Kwani huko simu inafika saa hiyo hiyo?"

Mwalimu wa fizikia mimi! Msusi akacheka, mimi sikucheka.

Usiku ule nilikaa na kikokotoo. Mirihi ikitukaribia kabisa iko kama kilomita milioni 55. Ikiwa mbali kabisa, milioni 400. Mawimbi ya redio huenda sawa na mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ni dakika 3 za kwenda, au 22. Kwa hiyo mtoto akisema shikamoo, marahaba itamrudia baada ya dakika 6 akiwa na bahati, na asipokuwa nayo, 44. Na mtoto aliyelelewa kwetu huanzaje maneno kabla hajaitikiwa? Nikatupa kurasa sitini. Nikamkalisha msichana wangu mbele ya kile chombo cha simu, na kiganja chake cha wino, asubiri. Ile sura ya kusubiri, na ile siku ambayo marahaba haikuja, ndiyo wanayoitaja wote wanaoniandikia. Roketi yenyewe, niliyoipigia hesabu miezi minne, hakuna aliyewahi kuiuliza.

Basi hizo ndizo saa zangu: mtihani, kwa msusi, na foleni ya kliniki ulipokuwa na pumu. Wewe unanyonyesha, mkono mmoja uko huru na simu yako inanasa sauti. Mimi ningeanzia hapo, ila wewe ndiye unayemjua mwanao.

Yale makaratasi ya mtihani bado yamo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Jana nilipoyafungua nilikuta mwandiko wako wa penseli pembeni, mahali nilipoeleza tangi la mafuta ukurasa mzima: "Hapa nimelala." Ule ukurasa niliutoa kitabuni, na sijaujutia.

Nitumie kurasa kumi, hata ziwe nyuma ya kadi ya chanjo. Na mimi penseli ninayo.

Mama yako