Kabla Hujasimika Nguzo ya Kwanza ya Taa za Barabarani

Mradi wa kwanza niliousimamia ulikuwa wa nguzo 40 za taa za sola, kutoka stendi hadi sokoni, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Usiku wa kwanza watoto walicheza barabarani mpaka saa 4. Mama mmoja muuza samaki alihamisha karai lake, akaliweka chini ya nguzo ya saba na kuzima koroboi.

Miezi 14 baadaye nilipita pale usiku. Nguzo ya saba ilikuwa giza na koroboi imerudi mezani. Yule mama akaniambia, "Fundi, taa imekufa tangu masika. Tumwambie nani?"

Nilikosa jibu. Dhamana ya mwaka mmoja ilikuwa imekwisha, mkandarasi ameshalipwa, na kwenye bajeti hapakuwa na fungu la matengenezo hata la kununua kamba ya kupandia. Ndiyo maana nakusihi wewe unayeandaa mradi kama huu: tafuta jibu la swali la yule mama kabla hujaagiza nguzo.

Kesho yake nilipanda ngazi. Paneli zilikuwa zimefunikwa na vumbi na kinyesi cha ndege, na mbili zilikuwa zimemezwa na mwarobaini ambao siku ya kupima ulikuwa mdogo. Betri tulikuwa tumezifukia kwenye maboksi chini ya nguzo. 11 zilikuwa zimeibiwa, kufuli zimevunjwa kwa tindo. Zilizobaki zilikuwa zimevimba.

Hizo zilizovimba ziliniuma zaidi, maana mwizi hakuzigusa. Ilikuwa hesabu yetu. Huku karibu na ikweta giza hudumu kama saa 12 kila usiku, mwaka mzima. Taa ya wati 60 ikiwaka kwa saa 12 inakula wati-saa 720. Betri ya volti 12 yenye amp-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi ukiizoesha kutumika kupita nusu ya chaji yake unaiua. Kwa hiyo tulikuwa na 600 za kutumia, tunahitaji 720, na hapo hujagusa siku tatu za mawingu ya Aprili. Kwenye zabuni iliandikwa "betri ya amp-saa 100" na sote tukasaini.

Siku hizi simkubali msambazaji asiyeniandikia hesabu hiyo kwa usiku mitatu bila jua. Nachagua betri za lithiamu zinazokaa juu, karibu na taa, na nati zinazofunguliwa kwa ufunguo wake maalumu. Baada ya saa 6 usiku taa inapunguza mwanga kwa nusu.

Ukitumia umeme wa gridi, tatizo la betri unaliepuka, linabaki la bili. Taa 40 za wati 60 zinakula karibu uniti 29 (uniti moja ni wati-saa 1,000) kwa usiku, yaani zaidi ya 860 kwa mwezi. Ofisi itakayolipa iandikwe kwenye mkataba kwa jina lake. Barabara inaweza kuwa ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), nyaya za juu za shirika la umeme TANESCO, bomba la chini la mamlaka ya maji. Wakutanishe wote mapema, tena mkiwa mmesimama pale pale barabarani. Mimi niliuamini mchoro. Siku ya pili tukapasua bomba, mtaa ukakaa siku mbili bila maji, na mzee aliyechimba mtaro wa bomba lile alikuwa ameketi kibarazani akitutazama. Hatukuwa tumemuuliza.

Tembea pia njia hiyo usiku pamoja na wanaoitumia. Mchoro wetu uliweka nguzo kila mita 30. Kwenye mkutano wa mtaa wanawake walisema wanaogopa kalvati, na pale mchoro ulikuwa umeacha pengo. Tulisogeza nguzo mbili.

Mradi uliofuata tulipaka kila nguzo namba kubwa pamoja na simu ya fundi wa zamu, na vipuri vikawekwa stoo kabla ya uzinduzi. Simu ya kwanza ilipigwa saa 5 usiku na dereva wa bodaboda: "Namba 23 inapepesa." Saa 3 asubuhi tulikuwa juu ya ngazi. Waya ulikuwa umelegea.