Kabla hujabishana nani bingwa wa besi, toa simu kwenye glasi

Mwaka juzi niligombana na mpiga kinanda wetu kwa saa nzima, chipsi zikapoa mezani, tukibishana nani mpiga besi bora wa miaka ya karibuni, kisa Mmarekani anayeitwa Thundercat. Tulikuwa tumetoka mazoezini. Alikuwa ameitumbukiza simu kwenye glasi tupu ili sauti ikue, ananionyesha video: besi ya nyuzi sita, vidole vinakimbia kama vya mama anayechambua mchele wenye mawe. "Huyu ndiye namba moja duniani, kaka. Hakuna mwingine."

Mimi nikasema Pino Palladino. Akamtafuta, akamsikiliza sekunde ishirini, akacheka. "Huyu mzee mbona hapigi kitu?"

Nilipandwa na hasira nikaanza kuhutubia, majina na miaka, mpaka muuza chipsi akageuka kutazama. Nilipoteza muda. Nilichotakiwa kufanya ni kuitoa ile simu kwenye glasi.

Nimepiga besi miaka kumi na tisa. Nilianzia kanisani, nikaingia bendi ya dansi ya mwisho wa wiki, na siku hizi napiga popote wanaponiita, harusini au hotelini. Ubishi wa nani bora nimeuona wa kila aina, na mwingi wake huharibika kabla haujaanza, kwa sababu wanaobishana hawajaisikia besi yenyewe. Wameiona tu.

Uzi mnene kabisa wa besi ya kawaida, ule wa E, ukipigwa mtupu hutetema takribani mara 41 kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzi wa A ni hezi 55. Ukiwa na besi ya nyuzi tano unao na wa B, kama hezi 31. Sasa itazame spika ya simu yako. Kidude cha ukubwa wa kucha hakiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito namna hiyo, na sehemu kubwa ya kilicho chini ya hezi 200 hubaki kivuli tu. Unachosikia ni zile sauti nyembamba zinazopanda pamoja na nota, halafu ubongo unajazia. Unapewa mkia, unakisia ng'ombe.

Matokeo yake ni kwamba mpiga besi anayepanda juu shingoni mwa gitaa, karibu na kifua, anasikika vizuri kwenye simu. Anayekaa chini, kwenye nota nene zinazobeba wimbo, hasikiki. Tunapiga kura huku nusu ya wagombea wamefungiwa nje. Ndiyo maana orodha za vijana za miaka hii zimejaa watu wenye kasi. Wengi wao ni mafundi kweli, wala siwabezi. Ila kasi ndiyo kitu pekee kinachopenya kwenye kioo cha simu.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni wa kifundi: sikilizeni kwenye spika ya kueleweka, hata ya gari. Kama hakuna, hedifoni za waya za bei ndogo zinaishinda simu kwa mbali. Wimbo mmoja usikilizwe mara tatu. Mara ya kwanza usikilize kama mtu wa kawaida. Mara ya pili ifuate besi peke yake, usimjali mwimbaji. Mara ya tatu sikiliza besi na lile dramu kubwa la mguuni, uone wanapatana vipi, nani anamtangulia nani. Ile ya tatu ndiyo yenye siri.

Somo hili sikulipata kitabuni. Nilipoingia bendi ya dansi nilikuwa nimetoka kanisani na staili zangu za kuchapa nyuzi kwa dole gumba, nilizojifunza kwa kumwigiza Marcus Miller na Victor Wooten usiku na mchana. Mpiga besi wa bendi ile alikuwa mzee aliyeanza kazi enzi mashirika ya umma yalipomiliki bendi. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kwa adabu. "Vizuri. Sasa nipigie hii." Akanionyesha nota tano. Tano tu, zinazunguka. Akakaa kwenye tumba.

Dakika ya tatu nikaongeza kinakshi kidogo mwishoni mwa mzunguko. Akasimamisha tumba.

"Umechoka?"

"Hapana, mzee."

"Wanaocheza wamechoka?"

Hapakuwa na wanaocheza. Tulikuwa wawili na feni. "Hapana, mzee."

"Basi nani kakuambia ubadilishe?"

Tulienda dakika kumi. Mkono wa kushoto uliwaka moto. Kwenye dakika ya sita hivi nikaanza kusikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika upigaji wangu: nota ya nne nilikuwa naiharakisha kila mara, na ya tano nilikuwa naiacha ilie zaidi ya inavyopaswa. Katika rumba kazi kubwa iko kwenye kuikata nota. Ukiiacha ikapita, tumba inakosa nafasi, na wacheza dansi wanakuwa wazito bila kujua sababu. Nilikuwa nimepiga besi miaka mitano bila kujua kwamba ukimya nao unapigwa.

Tangu siku hiyo kila jina linalotajwa nalipima kwa kipimo cha yule mzee. Simuulizi mtu anaweza nini. Nauliza wimbo ungekuwaje kama besi ile ingepigwa na mwingine.

Ndiyo maana namtaja Pino. Ni mtu wa Cardiff, kule Wales, kazaliwa 1957, na wa miaka ya themanini wanamkumbuka kwa besi yake isiyo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, nyuma ya mwimbaji Paul Young, ile inayolia kama mtu anayeimba puani. Angeishia hapo angetosha. Lakini mwaka 2000 anasikika kwenye Voodoo, albamu ya mwimbaji D'Angelo, na huko kawa mtu mwingine kabisa. Nota zinadondoka nyuma ya dramu, zimechelewa kidogo tu, kiasi kwamba mara ya kwanza nilidhani kaseti yangu imelegea. Kuchelewa namna hiyo nimejaribu. Ukichelewa kwa kubahatisha unaiangusha bendi nzima. Ukichelewa kwa kiasi kilekile kila mzunguko, wimbo unakuwa na uzito wa mtu anayetembea ameshiba. Desemba 2014 ikatoka Black Messiah, ya D'Angelo huyohuyo, Pino yumo tena. Na katikati ya hayo, kuanzia 2002, aliwapigia kwa miaka mingi The Who, bendi ya roki yenye kelele za kupasua ukuta, baada ya kifo cha mpiga besi wao John Entwistle. Mtu mmoja, nyumba tatu, na kila nyumba unadhani ni ya kwao.

Nimwombe radhi mpiga kinanda wetu, ingawa kwa nusu tu. Baada ya ugomvi nilirudi nyumbani nikamsikiliza Thundercat kwenye spika kubwa, hasa kazi aliyofanya kwenye To Pimp a Butterfly, albamu ya rapa Kendrick Lamar ya 2015. Nilitegemea vidole. Nikakuta mtu anayeshikilia chini, anayejua kunyamaza, na zile mbio zake zinakuja mahali pake. Video zimemdhulumu. Halafu kwenye albamu yake ya 2017, Drunk, anaimba kwa sauti nyembamba huku besi inaenda njia nyingine. Wewe unayesema ni rahisi, piga mstari mmoja wa besi huku ukiagiza chai na chapati mbili, uone utakachoagiza.

Kwa kuimba na kupiga kwa pamoja, hata hivyo, wa kutazamwa ni Esperanza Spalding. Februari 2011 alipewa Grammy ya msanii mpya bora, akamwacha Justin Bieber kwenye kiti chake, na mashabiki wa yule kijana wakaja juu wakiuliza huyu dada ni nani. Ni dada wa Portland, Oregon, anayepiga besi ile kubwa ya kusimama, isiyo na freti, ambayo kidole kikikosea kidogo tu nota inakuwa chungu. Kwake besi na sauti ni watu wawili wanaozungumza kwa kupokezana. Nashangaa orodha nyingi zinavyomsahau, au pengine sishangai. Majina ya wanawake husahaulika haraka kwenye ubishi wetu.

Halafu Joe Dart wa Vulfpeck. Hapa ndipo vijana na wazee wangeweza kupatana. Bendi yao ilianzia Michigan, na Septemba 2019 waliujaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York, bila kuwa na lebo kubwa nyuma yao. Wana kibao kinaitwa Dean Town, hakina mwimbaji, na watu ukumbini wanaimba mstari wa besi. Wanaimba besi! Nilipoona hivyo nilikaa chini. Kampuni ya Music Man ilipomtengenezea besi yenye jina lake waliiwekea kitufe kimoja tu, cha sauti. Hakuna cha kuongeza uzito wala wembamba. Kila kitu kitoke vidoleni. Mimi ninayezungusha vitufe nusu saa kabla ya kuanza kazi, hilo lilinichoma.

MonoNeon wa Memphis anastahili makala yake peke yake: ni mtu wa mkono wa kushoto anayepiga besi ya mkono wa kulia ameigeuza, nyuzi nene ziko chini. Prince alimwita wakapiga pamoja miezi ya mwisho ya maisha yake. Wooten simwingizi hapa, si kwa ubaya. Alishakuwa mwalimu wa wote hawa kabla hatujaanza kuhesabu "miaka ya karibuni".

Na hilo nalo mkubaliane mapema: miaka ya karibuni inaanza lini? Mimi nahesabu kuanzia 2010. Msipokubaliana, mmoja atawaletea Jaco Pastorius, gwiji wa besi aliyefariki 1987, na mkutano utakuwa umekwisha, maana kwa Jaco hakuna anayebisha.

Richard Bona ananigusa kwa namna nyingine. Kazaliwa Minta, Kameruni, 1967, na gitaa lake la utotoni alilitengeneza mwenyewe kwa nyaya za breki za baiskeli. Nani kwetu hajaona gitaa la namna hiyo? Baadaye, akiwa Douala, akakutana na sahani ya santuri ya Jaco, akasikiliza, na wenyewe wanasimulia kwamba alidhani mashine inaizungusha kwa kasi isiyo yake. Alichofanya baadaye ndicho ninachompendea: hakugeuka kuwa nakala ya Jaco. Anaimba kwa Kiduala, na besi yake inaenda kama lugha ile. Ukimpa mtu hedifoni asiyejua Kiduala, nyimbo mbili tatu zikipita ataanza kutabiri besi itatua wapi.

Watu huniuliza mbona sitaji wa hapa nyumbani. Swali la haki, na jibu lake linaniudhi. Besi nyingi za bongofleva hazina mpigaji. Prodyuza anaziweka kwa kinanda au kompyuta. Amapiano ndiyo imemaliza kabisa, kazi ya besi kaichukua log drum, ule mlio mzito wa kompyuta. Na pale ambapo mpigaji yupo, nani kaliandika jina lake? Kwenye dansi mwimbaji anatajwa, mpiga solo anaitwa kwa jina katikati ya wimbo, wa besi yuko nyuma kando ya spika, anatoka jasho. Wakongo walau tunawakumbuka wachache, kama Mpudi Decca wa TPOK Jazz, bendi ya Franco, lakini huyo ni wa zamani. Kwa hiyo nakuomba, ukienda ukumbini Jumamosi, sogea upande wa besi, simama pale nyimbo mbili, na mwisho muulize jina. Usipolijua hutaweza kumpigia kura.

Ukinibana nitoe namba moja, nasema Pino. Kwa kusikilizwa jukwaani namchukua Dart.

Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali yule mzee. Siku hizi hapigi, vidole vimekaza. Nilibeba spika yangu nikamwekea watu watatu bila kumtajia majina. Wa kwanza alikuwa Thundercat, akasema "ana mikono." Wa pili Dart, akatabasamu, akapigapiga mguu sakafuni. Wa tatu nikaweka wimbo kutoka Voodoo. Akainamisha kichwa, hakusema neno mpaka ukaisha.

"Huyu anachelewa," akasema. "Anachelewa makusudi. Irudie."

Tuliirudia mara nne, mpaka LUKU ikaisha.