Simu ya klabu kubwa ikikukuta kwenye klabu ndogo

Ofa ya klabu kubwa mara nyingi humfikia kocha wa klabu ndogo katikati ya msimu, kocha mwingine akiwa ametimuliwa na viongozi wakitaka jibu kabla ya mechi ya mwisho wa wiki. Wengi wetu huanza kwa kuulizia mshahara. Mimi, baada ya miaka ya kukaa kwenye mabenchi ya timu zinazopigania kutoshuka daraja hapa Tanzania Bara, huanza kwa kuuliza ni nani anayesajili wachezaji.

Katika klabu ndogo kocha humwona kijana kwenye mashindano ya mtaani, huzungumza na wazazi wake, humtafutia mahali pa kulala na kuamua atacheza nafasi gani, kiasi kwamba timu inayosifiwa Jumamosi ni zao la mamlaka hayo kuliko la mbinu alizochora ubaoni. Akihamia mahali ambako mfadhili na kamati ya usajili wameshamaliza kila kitu, huenda na mbinu tu. Klabu moja ya Ligi Kuu iliwahi kunifuata wakati wa dirisha dogo la usajili, lile la katikati ya msimu, na nilipouliza swali hilo nilijibiwa kwamba kazi yangu ingekuwa kufundisha. Nilibaki nilipokuwa, ingawa mishahara ilichelewa na nyumbani hawakunielewa.

Mfano wa aliyeondoka ni kocha Graham Potter wa Uingereza, aliyeihama klabu ya Brighton Septemba 2022 akapewa na Chelsea mkataba wa miaka mitano. Alihama na wasaidizi wake, jambo ambalo makocha wengi husahau kulidai, lakini Januari 2023 wamiliki wapya walisajili wachezaji wengi mno, akajikuta na kikosi kikubwa asichokuwa na muda wa kukifundisha pamoja. Aprili 2 alifukuzwa. Kwa maoni yangu urefu wa mkataba ule ulikuwa na maana kwa fidia tu. Haukumnunulia uvumilivu wa mtu yeyote.

Kuondoka, hata hivyo, si lazima kufunge mlango. Eddie Howe aliiacha Bournemouth Januari 2011 akaenda Burnley, akarejea Oktoba 2012, na mwaka 2015 akaipandisha Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza katika historia yake. Naye Kieran McKenna, aliyeipandisha Ipswich madaraja mawili mfululizo hadi kufika ligi hiyo mwaka 2024, alisaini mkataba mpya hapo hapo huku jina lake likihusishwa na klabu kubwa. Msimu uliofuata timu ilishuka. Sioni kwamba alikosea, lakini anayebaki ajue kuwa thamani yake sokoni inaweza kushuka pamoja na timu.

Kwa hapa kwetu, jambo linalohitaji tahadhari zaidi ni ukaimu. Juma Mgunda alichukuliwa na Simba kutoka Coastal Union Septemba 2022 awe kaimu kocha, akaifikisha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuitoa Primeiro de Agosto ya Angola, na bado Januari 2023 alikuja Robertinho kuwa kocha mkuu. Matokeo mazuri hayamgeuzi kaimu kuwa kocha wa kudumu. Ukipewa nafasi ya namna hiyo, dai iandikwe utakuwa nani kocha wa kudumu atakapopatikana, na utalipwa kiasi gani siku hiyo.

Kama umeamua kwenda, malimbikizo yako ya mshahara yaandikwe kwenye barua ya kuvunja mkataba, pamoja na tarehe za kulipwa, nayo isainiwe kabla klabu mpya haijakutangaza. Picha yako ikishasambaa mitandaoni umevaa jezi nyingine, mhasibu wa klabu ya zamani hana tena haraka ya kupokea simu yako.